Anzia shingoni: namna ya kuchagua nguo za picha ya kazi

Kijana mmoja aliingia studio kwetu amevaa viatu vya ngozi vipya kabisa, vinavyong'aa mpaka taa ya dari ikaonekana ndani yake. Alikuwa anaomba kazi benki na alitakiwa kuweka picha kwenye wasifu wake. Pesa zote zilikuwa zimeishia kwenye viatu. Shati alikuwa ameazima kwa kaka yake mwenye shingo nene, na kati ya kola na koo pangeweza kupita ngumi. Nikapiga kuanzia kifuani kwenda juu, kama picha ya kazi inavyopigwa. Viatu havikuonekana. Kola ilionekana.

Kosa hilo naliona kila wiki hapa Kampala, kwa wanaume na wanawake, kwa wenye pesa na wasio nazo. Mtu huvaa kwa ajili ya kioo cha chumbani, ambacho humwonyesha mzima mzima, kisha anakuja mbele ya kamera itakayochukua kichwa, mabega na kifua kidogo. Eneo lenyewe ni finyu: ukiweka kiganja kimoja chini ya kidevu na kingine chini yake, umeshafunika karibu nguo yote itakayoonekana. Hatua zinazofuata zinahusu viganja hivyo viwili. Suruali sitaizungumzia.

Hatua ya 1: Uliza picha inaenda wapi

Kabla hujafungua kabati, jua nani ataitazama hiyo picha. Picha ya LinkedIn hukatwa duara, pembe zote nne zikapotea, na kwenye simu ya mtu huonekana ndogo kama kifungo cha koti. Picha ya tovuti ya ofisi hukaa safu moja na za wenzako, kwa hiyo ukivaa kivyako sana utaonekana kama mgeni aliyekosea mlango wa kikao. Picha ya bango la mkutano inaweza kukuzwa kuliko ulivyo, na hapo hata uzi uliochomoza begani utasomeka.

Kila kazi ina desturi yake pia. Wakili atavaa suti nyeusi au ya kijivu kilichokoza, na hapo hakuna mjadala mrefu. Mtu wa shirika anayeshinda vijijini Karamoja au kwenye kambi ya wakimbizi ya Bidibidi akija na tai ya hariri anajidanganya mwenyewe. Shati safi la pamba lenye kola iliyosimama linamtosha. Kama kazi yako ina sare, muuguzi, mpishi, rubani, usione haya kuivaa. Sare iliyopigwa pasi inamwambia mtazamaji unafanya nini kabla hajasoma jina lako.

Mtumishi wa serikali ana maelekezo yaliyoandikwa. Julai 2017 Wizara ya Utumishi wa Umma ilitoa waraka wa mavazi kwa maofisa wasiovaa sare: wanaume shati la mikono mirefu, koti na tai, wanawake wasivae blauzi zisizo na mikono wala zinazoonyesha ndani, na kucha zisizidi sentimita 3. Waraka ule ulizua kelele mitaani, na baadhi ya kelele hizo mimi naziunga mkono. Lakini kuhusu mikono, kamera iko upande wa wizara. Picha ikikatwa kifuani, mkono ulio wazi huwa kipande kikubwa cha ngozi pembeni mwa fremu, na jicho la mtazamaji hukimbilia huko badala ya usoni. Blauzi isiyo na mikono ukiipenda, weka koti au sweta nyepesi juu.

Kisha mpigie simu mpiga picha umuulize mambo matatu: pazia la nyuma lina rangi gani, picha itakatwa wapi, na mnapiga ndani au nje. Asipoweza kujibu la kwanza, mtafute mwingine. Mkipiga nje, kumbuka tunaishi juu ya ikweta: saa sita mchana jua liko utosini, macho yanazama kwenye vivuli na hakuna shati litakalokuokoa. Omba kabla ya saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi na nusu jioni.

Hatua ya 2: Jaribu kwa simu, uache kioo

Hii ndiyo hatua ambayo watu huiruka, nayo haina gharama. Siku tatu au nne kabla, vaa kila nguo unayoifikiria, simama karibu na dirisha mchana, taa za ndani zimezimwa. Mwambie ndugu yako akupige kwa simu akiwa umbali wa hatua mbili, simu ikiwa usawa wa macho yako. Usijipige mwenyewe kwa mkono ulionyooshwa. Kamera ikiwa karibu hivyo hukuza pua, na bega moja hupanda, ukailaumu nguo kwa kosa la mkono wako.

Zikate picha hizo kwapani kwenda juu. Sasa zipunguze mpaka ziwe ndogo kama stempu, uziangalie kwa mpigo mmoja. Umeona nini kwanza? Kama ni uso, nguo inafaa. Kama ni kola, mkufu, ua kubwa la kitenge au maandishi ya kifuani, irudishe kabatini. Mteja mmoja, mama mtu mzima anayeongoza chama cha akiba, nilimpa zoezi hili kwa simu. Akanipigia usiku akicheka: "Mwanangu, katika picha zote sita nimeona gauni tu, mimi mwenyewe simo." Akaja na blauzi ya saba.

Hatua ya 3: Shingo na mabega

Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo picha nyingi zinapoharibikia.

Anza na shati. Funga kifungo cha juu kabisa, kisha ingiza vidole viwili kati ya kola na shingo. Viingie kwa kuteleza tu. Vikikwama, nyama ya shingo itamwagika juu ya kola na utaonekana umekabwa; vikiingia vitatu au vinne, utaonekana umepungua kwa ugonjwa. Hata kama utavaa bila tai, kola isiyo na kipimo chako haitasimama. Angalia pia ncha zake. Kola laini hukunjamana na kujificha chini ya koti upande mmoja. Mashati mengi mazuri yana vijifuko vidogo chini ya kola kwa ajili ya vijiti vya plastiki. Kama vijiti vimepotea, kata vipande vyembamba kutoka kadi ya plastiki ya zamani, uvichonge ncha, uvichomeke. Na kama kola imechakaa pale inapokunjika, hiyo huwezi kuificha. Kamera huona nyuzi zile nyeupe kabla ya kuona tabasamu lako.

Koti hupimwa begani. Mshono wa bega uishie pale mfupa wa bega unapoishia. Ukizidi, panatokea shimo chini ya bega, na kwenye picha shimo hilo huwa kivuli kama umegongwa. Ukipungua, mkono unavuta kitambaa na mikunjo inakimbia kuelekea shingoni. Ukienda Owino, yaani soko la St. Balikuddembe, kutafuta koti la mitumba, na mimi mwenyewe makoti yangu mawili mazuri nimeyatoa huko, usianze kuangalia rangi wala lebo. Vaa, angalia mabega, angalia kama kola ya koti inalala juu ya kola ya shati bila kuacha nafasi nyuma ya shingo. Fundi cherehani aliyekaa pale pale sokoni atakupunguzia ubavuni na mikononi wakati unasubiri. Mabega ni kazi nyingine: kuyapunguza ni kulifumua koti, na mafundi wengi watakuambia "inawezekana, ssebo" halafu ukapokea koti lililopinda. Ukipata lenye mabega yako, chukua hata kama kiuno ni kipana. Kiuno mpiga picha hukibana nyuma kwa klipu na hakuna atakayejua.

Nguo za mitumba zimekaa kwenye beli zikiwa zimebanwa kwa miezi. Mikunjo yake ni mikaidi. Pasi kavu haitoshi; zipeleke kwa dobi au zitundike bafuni wakati wa kuoga maji moto, mvuke uzilegeze, ndipo upige pasi.

Kwa wanawake, jambo kubwa ni mkato wa shingo. Mkato wa V usio wa kina sana hurefusha shingo na kupeleka jicho usoni. Mtu mwenye shingo fupi au uso wa duara utampendeza kuliko mwingine wowote. Mkato wa duara unaobana koo unamfaa mwenye shingo ndefu. Mkato mpana unaoelekea mabegani uangalie mara mbili, kwa sababu kamba za sidiria hupenda kuchungulia, na kwa sababu ukikatwa vibaya unageuka kitu kingine. Kumbuka kanuni ya fremu: kama nguo haina kitambaa juu ya kifua, picha itaonyesha mabega matupu na mtazamaji hatajua kama umevaa.

Hapo ndipo mavazi yetu ya heshima yanapohitaji akili. Wanawake wa Ankole na Kigezi wakija na mushanana, mtandio ule hupita bega moja. Kwenye sherehe unapendeza kuliko chochote. Kwenye picha ya kifuani, bega la pili linabaki na kamba nyembamba tu au halina kitu, na fremu inaegemea upande mmoja. Nawaambia wavae ndani blauzi yenye mikono, ya rangi inayokaribiana na mtandio, wageuze bega lililofunikwa lije mbele. Gomesi nayo ina shida ya kinyume: mabega yake yenye ncha hupanda juu, mkato wake ni wa mraba, na kile kitambaa kinachofungwa kiunoni, ambacho ndicho roho ya vazi, hakionekani kabisa. Ukitaka picha ya gomesi, omba ipigwe mpaka chini ya kiuno, na kwa picha ndogo ya wasifu vaa kingine. Kanzu ni rahisi zaidi. Ile ya rangi ya maziwa yenye tarizi ya damu ya mzee shingoni, ikiwa na koti jeusi au la kijivu juu yake, huwa picha nzuri sana, kwa kuwa tarizi ile imekaa pale hasa tunapotaka jicho lipite likielekea usoni.

Tai ukiivaa, fundo lifike juu likafunike kifungo. Nusu ya wanaume ninaowapiga hulegeza fundo bila kujua wakiwa njiani.

Hatua ya 4: Rangi, kwa ngozi yako na kwa pazia

Ushauri mwingi wa rangi unaozunguka umeandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, kama vile picha zenyewe zilivyotengenezwa. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ilikuwa ikisambaza kwa maabara za kusafishia picha kadi za kupimia rangi zenye sura ya mwanamke mzungu. Mafundi waliziita Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine imepimwa vizuri. Sisi tulitoka tulivyotoka. Kwa hiyo ukisoma kwamba njano "inafifisha uso", jiulize uso wa nani. Haradali, rangi ya udongo wa mfinyanzi, kijani cha chupa, zambarau iliyoiva na damu ya mzee vinaipenda ngozi nyeusi, na vinaonekana vizuri kwenye pazia la kijivu.

Nyeupe tupu ndiyo inayonisumbua. Kamera ikiachwa ijipimie mwanga yenyewe hutafuta wastani wa kijivu. Ikikutana na shati jeupe kubwa, huamua kuna mwanga mwingi na kuupunguza, na uso mweusi ndio unaolipa. Mpiga picha anayejua kazi yake atapima usoni, lakini hata yeye atapambana na shati linalowaka huku akitafuta macho yako. Suluhisho si gumu. Weka koti juu ya shati jeupe ili nyeupe ibaki kijipande cha pembetatu, na pembetatu hiyo itaukaribisha mwanga kidevuni. Au chagua rangi ya maziwa, au buluu ya mbingu iliyopauka.

Nyeusi ina mtego wake. Koti jeusi mbele ya pazia jeusi halina mwisho. Kinachobaki ni kichwa kinachoelea. Picha yangu ya kwanza ya kazi niliyojipiga mwenyewe ilikuwa hivyo, na mama yangu kule Walukuba, Jinja, alipoiona aliuliza nani amekufa. Tangu siku hiyo ndiyo maana nasema uliza rangi ya pazia kwanza. Pazia la giza, vaa kinachong'ara kidogo. Pazia jeupe, vaa kilichokoza. Mkipiga nje penye migomba na majani, acha kijani nyumbani.

Rangi zinazopiga kelele, ile chungwa ya fulana za mafundi wa barabara na kijani cha kuwaka, zina ubaya mwingine ambao watu hawautegemei. Mwanga hugonga nguo ukaruka juu, ukapaka rangi chini ya kidevu na shingoni. Shati linang'aa, na taya linakuwa la chungwa. Kuliondoa hilo kwenye kompyuta ni kazi ya saa nzima ambayo mimi nitakutoza.

Halafu kuna jambo la kwetu Uganda ambalo mwongozo wa nje hautakuambia. Rangi hapa zina vyama. Njano inayowaka ni ya NRM, nyekundu ni ya NUP, buluu ya FDC. Buluu iliyokoza ya suti imeshazoeleka hata hakuna anayeifikiria, na haradali si njano ya mkutano wa hadhara. Lakini fulana ya kola ya njano safi, au shati jekundu tupu, msimu wa uchaguzi ukikaribia, itasomwa na mwajiri kabla hajafika kwenye shahada zako. Kama unataka isomwe hivyo, sawa, ni haki yako. Usije ukaingia humo kwa bahati mbaya.

Mabaka ya jeshi usiyaguse kabisa, hata kama ni mtindo tu na umeyanunua kwenye beli la mitumba kutoka ng'ambo. Raia kuvaa mavazi yanayofanana na ya jeshi ni kosa kisheria hapa nchini, na mwaka 2019 serikali ilitangaza katika gazeti lake rasmi kwamba hata bereti nyekundu ni vazi la jeshi. Picha ni ushahidi unaojieleza wenyewe.

Hatua ya 5: Kitambaa na nakshi

Mistari myembamba sana na drafti ndogo ndogo zinaonekana za kistaarabu dukani, lakini kwenye kamera ya kidijitali hutetemeka. Nyuzi za kitambaa hugongana na vitone vya kamera, na panatokea mawimbi ya rangi ambayo hayako kwenye nguo. Jaribu kwa simu: ikileta mawimbi, kamera kubwa nayo inaweza kuleta.

Satini na polista ya bei rahisi hurudisha mwanga wa taa kama sufuria. Pamba, sufu nyepesi na mchanganyiko usiong'aa hutulia. Kitani ni kizuri kwa joto letu lakini kinakunjamana ukikitazama tu, kwa hiyo ukivae dakika ya mwisho.

Kitenge nakipenda na sitamkataza mtu. Shida yake ni ukubwa wa ua. Ua lenye ukubwa wa sahani likikaa katikati ya kifua linakuwa na uso wake, na sura mbili zinashindana kwenye picha moja. Chagua lenye nakshi ndogo za rangi mbili au tatu, au mwambie fundi wako wa Kiyembe, kabla hajakata, kwamba ua kubwa liende mgongoni au chini kiunoni. Njia nyingine ni kitenge kwenye kola au ukingo wa koti tu, na kitambaa kitupu kwingineko. Hiyo ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Hatua ya 6: Beba tatu

Kumi ni nyingi, moja ni hatari. Tatu zinatosha: moja rasmi kabisa, moja ya kazi ya kila siku, moja unayoipenda kwa moyo. Anza na ile ya kawaida. Dakika kumi za kwanza kila mtu anakuwa mkavu kama mti, kwa hiyo nguo nzuri ziweke kwa zamu ya pili, wakati umeshaanza kucheka na mpiga picha. Waulize pia kama bei inajumuisha kubadili nguo. Studio nyingine huhesabu kila badiliko kama picha mpya.

Hatua ya 7: Kichwani

Nitapita haraka, maana kila mtu ana saluni yake. Wanaume, nyoeni siku mbili kabla, si asubuhi hiyo hiyo. Vipele vya wembe shingoni huwa vimetulia. Wanawake, kama mnasuka, acheni wiki ipite ili ngozi ya paji la uso ilegee na vile vichunusi vya kuvutwa vipotee.

Mwenye hijabu achague kitambaa kisichoteleza wala kung'aa, chenye kofia ya ndani ya rangi ile ile ili isichungulie kwenye paji. Rangi moja tu, iliyo tofauti na koti. Pini iwe ubavuni. Ikiwa chini ya kidevu itarudisha taa. Na kwa kuwa mtandio ndio uliouzunguka uso, mtandio wa waridi utapaka mashavu waridi kama nilivyosema kuhusu mashati.

Miwani vaa kama unaivaa kila siku. Ile inayogeuka giza juani ikumbuke: ukitoka nje moja kwa moja ukaingia kupigwa, macho yatakuwa nyuma ya moshi. Kaa ndani kwanza mpaka ipauke.

Hatua ya 8: Siku yenyewe

Piga pasi siku mbili kabla, siyo asubuhi. Umeme wetu unaujua. Kama unatumia pasi ya mkaa, tandika kitambaa cheupe chenye unyevu juu ya nguo, maana jivu moja likidondoka kifuani utaomba udhuru hadi jioni.

Usiivae nguo ya picha njiani. Itundike kwenye henga, ifunike na kaveera, yaani mfuko wa plastiki, kubwa la dobi, na uende umevaa kitu kingine. Ukipanda boda kutoka Kawempe au Kireka, vumbi jekundu la kiangazi litakusalimia kolani, na Aprili au Novemba mvua itafanya hivyo hivyo. Helmeti vaa, nywele tutazitengeneza. Nimepiga picha wengi wenye alama ya helmeti kwenye paji, inaisha baada ya robo saa. Ndiyo maana nakuomba ufike dakika ishirini kabla. Jasho likauke, moyo utulie, unywe maji. Rolex, ile chapati yetu ya mayai, kula kabla ya kubadili nguo. Mafuta ya chapati kwenye shati la buluu hayana dawa, na nayajua kwa sababu nimeyaona kwenye shati langu.

Mkobani weka sindano na uzi, pini za usalama, leso, poda isiyo na mng'aro, fulana ya ndani ya ziada isiyoonyesha maandishi, na utepe wa gundi wa kuondolea nyuzi begani. Mfuko wa shati uwe mtupu. Kalamu, kitambulisho cha kazi, simu: vyote nje.

Ukishakaa kwenye kiti, vuta koti kwa nyuma na ulikalie mkia wake, kola itashuka na kulala shingoni. Picha ya kwanza ikipigwa, usiulize kama umetoka vizuri. Mwambie mpiga picha aikuze kwenye kioo cha kamera, pale koo linapokutana na kitambaa, mtazame pamoja: kola zote mbili ziko sawa, fundo halijalegea, kamba hazichunguli, nyuzi hakuna. Rekebisha, kisha mpige nyingine mia mkitaka.

Na viatu? Vaa vile unavyoweza kusimama navyo nusu saa bila kuhamisha uzito mguu hadi mguu, kwa sababu mguu ukiuma bega linashuka, na bega lipo kwenye picha. Nimewahi kumpiga mkurugenzi aliyevaa suti ya vipande vitatu kwa juu na kandambili kwa chini. Picha yake bado inaning'inia mapokezi ya ofisi yao.